Maswali ya Wasomaji: Haki ya waliotoweshwa

Tangu tuanze kupokea maswali kuhusu watu wanaochukuliwa na vyombo vya dola na kisha kukanwa kwamba hawakuchukuliwa, barua zimekuwa nyingi kuliko nafasi. Nyingi zinaulizia Argentina, na kwa sababu ya maana. Jeshi la nchi hiyo lilipindua serikali tarehe 24 Machi 1976 na kutawala hadi Desemba 1983. Tume ya serikali iliyofuata iliorodhesha watu 8,961 waliotoweshwa, na mashirika ya haki za binadamu hutaja 30,000. Nchi hiyohiyo ndiyo iliyokwenda mbali kuliko karibu zote katika kuwashtaki wahusika: tangu kesi zifunguliwe upya na hukumu kuanza kutoka mwaka 2006, zaidi ya watu 1,100 wametiwa hatiani. Tumechagua barua nane na kuzifupisha.

Ndugu Mhariri, nasoma sheria mwaka wa tatu. Tunafundishwa kwamba kesi ya mauaji bila maiti ni mlima. Argentina waliwashtaki vipi makamanda wakati maiti zilitupwa baharini? — Msomaji, Dodoma

Kwanza, mashtaka hayakufungwa kwenye mauaji pekee. Katika kesi ya viongozi wa kijeshi iliyoanza kusikilizwa Aprili 1985, mwendesha mashtaka Julio César Strassera na naibu wake Luis Moreno Ocampo walishtaki pia kunyimwa uhuru kinyume cha sheria, mateso na wizi. (Wasomaji wa Kenya watamkumbuka Ocampo: ndiye baadaye aliyekuwa mwendesha mashtaka wa kwanza wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, aliyefungua kesi za ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007.) Kuthibitisha kwamba mtu alitekwa hakuhitaji maiti. Kunahitaji kuonyesha kwamba alikuwapo, kwamba alichukuliwa na nani, na kwamba mchukuaji hakumfikisha mbele ya hakimu.

Pili, ushahidi uliokusanywa mapema ndio uliobeba kesi. Kati ya 1976 na 1983 familia zilipeleka mahakamani maelfu ya maombi ya kutaka ndugu zao waletwe mbele ya hakimu. Karibu yote yalikataliwa kwa jibu moja: hakuna mtu wa jina hilo kizuizini. Wengi waliona ni kupoteza muda na nauli. Lakini kila ombi lilikuwa na tarehe, muhuri wa masijala, jina la aliyechukuliwa, saa, anwani, na mara nyingi namba ya gari au sare iliyoonekana. Ukiweka maombi mia kadhaa kutoka miji mbalimbali mezani, unaona kikosi kilekile, mbinu ileile, saa zilezile za usiku na jibu lilelile la serikali. Hapo jaji haangalii tena kisa cha mtu mmoja, anaangalia mpango. Strassera hakupeleka kesi zote alizokuwa nazo. Alichagua 709 zenye ushahidi mzito, akihakikisha zinatoka sehemu zote za nchi na kwenye vikosi vyote vitatu vya jeshi. Mashahidi 833 walisikilizwa.

Tatu, walionusurika. Hawa walikuwa wamefungwa vitambaa usoni au kuvikwa mifuko kichwani, na mawakili wa utetezi walidhani hilo litawamaliza. Haikuwa hivyo. Tume ya 1984, chini ya mwandishi Ernesto Sabato, iliwarudisha manusura kwenye majengo pamoja na wapiga picha na wasanifu majengo. Mtu aliyewahi kusema “ngazi za kushuka chini, kisha mlango wa chuma, treni inapita karibu” alipelekwa akaonyesha. Katika Shule ya Ufundi ya Jeshi la Majini mjini Buenos Aires, ijulikanayo kwa herufi ESMA, ambako watu wapatao 5,000 walipitishwa, wanamaji walibadilisha jengo kabla ya wajumbe wa Tume ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika kulitembelea Septemba 1979: waliondoa lifti na kuziba ngazi za kwenda chini. Walitaka maelezo ya manusura yaonekane ya uongo. Makovu ya ukarabati yakabaki kwenye kuta, na yakawa yenyewe ushahidi kwamba palikuwa na kitu cha kufichwa. Mfungwa mmoja wa ESMA, Víctor Basterra, aliyelazimishwa kutengeneza vitambulisho bandia, alikuwa akificha picha za maofisa na za wafungwa na kuzitoa nje kidogo kidogo. Alizifikisha mahakamani.

Na bahari haikumeza kila kitu. Desemba 1977 kikosi cha wanamaji kiliteka watu kumi na wawili waliokuwa wakikutana katika kanisa la Santa Cruz, wakiwemo Azucena Villaflor, mmoja wa waanzilishi wa Akina Mama wa Plaza de Mayo, kundi la waliokuwa wakitafuta watoto wao waliotoweshwa, na watawa wawili wa Kifaransa. Ofisa Alfredo Astiz alikuwa amejipenyeza kati yao akijifanya ndugu wa mtu aliyetoweshwa. Siku chache baadaye mawimbi yalitupa maiti kwenye fukwe za kusini. Daktari wa polisi aliandika kwamba mifupa ilivunjika kwa namna ya mtu aliyeanguka kutoka juu, kisha maiti zikazikwa kwenye makaburi ya General Lavalle bila majina. Mwaka 2005 wataalamu wa mifupa walizitambua, Villaflor akiwa miongoni mwao. Baada ya hapo ndege yenyewe ilipatikana Marekani, aina ya Skyvan, pamoja na kumbukumbu zake za safari: usiku wa tarehe 14 Desemba 1977 iliruka kutoka Buenos Aires, ikakaa angani saa 3 na dakika 10, ikarudi palepale ilipoondoka. Marubani wawili walihukumiwa kifungo cha maisha Novemba 2017. Angalia mnyororo huo: karatasi ya daktari, kitabu cha makaburi, mifupa, kitabu cha ndege. Pete moja ikikosekana, nyingine zote zinalegea.

Kwa mwanafunzi wa sheria, soma hukumu ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ya tarehe 29 Julai 1988 katika kesi ya Velásquez Rodríguez dhidi ya Honduras. Ilikubali kwamba anayetowesha mtu hufuta ushahidi kwa makusudi, hivyo ushahidi wa mazingira unatosha iwapo utaonyesha mambo mawili: kwamba kulikuwa na desturi ya kutowesha watu iliyofanywa au kuvumiliwa na dola, na kwamba kisa cha huyu kinaingia ndani ya desturi hiyo.

Je, jenerali ambaye hakumgusa mtu hata mmoja anafungwaje? Atasema tu kwamba vijana wake walipitiliza. — Msomaji, Morogoro

Ndivyo walivyosema. Mahakama ya Buenos Aires iliwajibu kwa hoja ya mwanasheria wa Kijerumani Claus Roxin: anayeendesha chombo kilichopangwa, chenye amri na ngazi, ambamo mtekelezaji mmoja akikataa anawekwa mwingine, huyo ndiye mtendaji ingawa mkono si wake. Ili hoja isimame ni lazima uonyeshe chombo chenyewe: maagizo ya maandishi, mgawanyo wa nchi katika kanda za kijeshi, magari ya serikali, majengo ya serikali, mishahara iliyolipwa.

Hukumu ilitolewa tarehe 9 Desemba 1985. Kati ya washtakiwa tisa, Jorge Videla na Emilio Massera walipata kifungo cha maisha, Roberto Viola miaka 17, Armando Lambruschini miaka 8, Orlando Agosti wa jeshi la anga miaka minne na nusu. Wanne waliachiwa. Tofauti hiyo iliwauma wengi, nasi tunaona walikuwa na haki kuumia. Sababu yake ni kwamba mahakama ilikataa hoja ya mwendesha mashtaka kuwa viongozi wote watatu wa kila kipindi, mmoja kutoka kila kikosi, wawajibike pamoja; ilipima kila kikosi peke yake, na ushahidi dhidi ya jeshi la anga ulikuwa mchache.

Serikali ikishatoa msamaha kwa wanajeshi, si mambo yamekwisha? — Msomaji, Muscat

Argentina walidhani hivyo kwa karibu miaka ishirini. Desemba 1986 Bunge lilipitisha sheria iliyotoa siku 60 tu za kufungua mashtaka mapya. Wapo majaji walioacha likizo yao ya Januari ili kuwahi. Wanajeshi wakaasi wakati wa Pasaka ya 1987, na mwezi Juni ikaja sheria ya pili iliyosema ofisa wa chini alikuwa akitii amri, basi haadhibiwi. Mwaka 1989 na 1990 Rais Carlos Menem akawasamehe hata waliokwisha kuhukumiwa.

Wapigania haki hawakuligonga lango kuu, walitafuta nyufa. Ufa wa kwanza ulikuwa ndani ya sheria yenyewe: haikuwakinga walioiba watoto wa waliotoweshwa. Wa pili ulikuwa nje ya nchi. Mahakama za Hispania zilimhukumu mwaka 2005 ofisa wa majini Adolfo Scilingo, aliyekuwa amekiri hadharani mwaka 1995 kwamba alishiriki kutupa watu baharini kutoka kwenye ndege. Wa tatu ulikuwa haki ya kujua ukweli: kuanzia mwaka 1998 mahakama ya La Plata iliita mashahidi na maofisa kutoa maelezo bila mtu yeyote kuadhibiwa. Baadhi ya familia zilikasirika, zikiona ni maigizo ya kesi. Lakini kila neno lilirekodiwa, na milango ilipofunguka, majalada yalikuwa tayari.

Mlango ulifunguliwa na kesi ya familia moja, ya akina Poblete. Mume na mke walitekwa mwaka 1978 pamoja na mtoto wao mchanga. Wao wakatoweshwa, mtoto akalelewa na ofisa wa jeshi. Kwa sheria iliyokuwapo, polisi walioshiriki wangeweza kushtakiwa kwa kumchukua mtoto, ila si kwa kuwatesa na kuwatowesha wazazi wake mahali palepale. Jaji Gabriel Cavallo aliona hilo halisimami, na tarehe 6 Machi 2001 akazitangaza sheria za kinga kuwa batili. Bunge likazifuta mwaka 2003, Mahakama ya Juu ikathibitisha tarehe 14 Juni 2005.

Chile walipita njia nyingine. Msamaha wa mtawala wa kijeshi Augusto Pinochet ulihusu makosa ya kati ya tarehe 11 Septemba 1973 na 10 Machi 1978. Jaji Juan Guzmán alisema: mtu aliyetekwa na hajapatikana, akiwa hai au mfu, bado ametekwa. Kosa linaendelea kila siku, kwa hiyo limevuka tarehe ya mwisho ya msamaha. Anayetaka kinga ya msamaha aonyeshe kwanza mwili uko wapi na alikufa lini. Wazo hilohilo limo katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 wa kuwalinda watu wote dhidi ya kutoweshwa: muda wa ukomo wa kushtaki hauanzi kuhesabiwa mpaka kosa litakapokoma.

Mume wangu hajaonekana miaka sita. Shamba liko kwa jina lake, na benki wananiambia nilete cheti cha kifo. Nimesikia akina mama wa Argentina walivikataa vyeti hivyo. Nao waliishije? — Mama wa watoto watatu, Kilifi

Pole sana, mama. Mwaka 1979 watawala wa kijeshi walitunga sheria iliyowezesha waliotoweshwa kutangazwa wamekufa, hata serikali yenyewe ikiwa ndiyo mwombaji. Akina mama waliikataa kwa sababu tangazo hilo lingesema mtu amefariki bila kusema nani alimchukua, na jalada la uchunguzi lingefungwa. Wengi waliishi kwa shida kwa ajili ya kukataa huko. Ufumbuzi ulikuja mwaka 1994, kwa sheria iliyoanzisha hali mpya kisheria: asiyekuwepo kwa sababu ya kutoweshwa. Mwenye cheti hicho anaweza kurithi, kusimamia mali au kufunga ndoa nyingine, na cheti hakisemi popote kwamba mhusika amekufa.

Kwenu Kenya hakuna cheti cha namna hiyo. Sheria ya Ushahidi inaruhusu mahakama imchukulie kuwa amekufa mtu ambaye hajasikika kwa miaka saba na wale ambao wangepaswa kumsikia. Ukifika huko, mwambie wakili aandike ndani ya maombi, kwa tarehe na mahali, jinsi mumeo alivyochukuliwa na ripoti zote ulizopiga, na aeleze wazi kwamba maombi haya ni ya mali na watoto tu. Usitie saini hati ya mtu yeyote, awe chifu, bima au benki, inayosema “alisafiri” au “aliondoka nyumbani”. Sentensi hiyo moja itakurudia siku ya kesi.

Kijijini kwetu tunajua walipozikwa watu wetu. Vijana wanataka kufukua ili tuwazike kwa heshima. Kuna ubaya? — Msomaji, Goma

Tunaelewa uchungu, na bado tunasema: msifukue. Argentina walifanya hivyo mwanzoni mwa 1984. Majaji waliamuru makaburi yafunguliwe, wachimba makaburi wakaja na matingatinga. Mafuvu yalipasuka, mifupa ya watu watano ikawa lundo moja, meno na risasi vikabaki kwenye udongo uliotupwa kando. Ushahidi ulioharibika siku hizo haujawahi kurudi.

Mwaka huohuo mtaalamu wa mifupa wa Marekani, Clyde Snow, alifika kwa mwaliko wa tume na wa Mabibi wa Plaza de Mayo, kundi la mabibi wanaotafuta wajukuu walioibwa. Maprofesa waliogopa kumsaidia; waliojitokeza ni wanafunzi wachache wa akiolojia, anthropolojia na udaktari. Ndio waliounda timu ya wataalamu wa mifupa ya Argentina, EAAF, ambayo baadaye imefanya kazi katika nchi nyingi, za Afrika zikiwemo. Aprili 1985 Snow alisimama mahakamani na picha za mifupa ya mwanamke kijana aliyetekwa akiwa mjamzito. Alionyesha risasi ilivyoingia kichwani, kisha alama za nyonga zinazoashiria kwamba alizaa kabla ya kufa. Jeshi lilikuwa limedai kwamba alikufa katika mapambano.

Kazi yenyewe huanza mbali na jembe. Kwanza hutafutwa vitabu: rejesta ya makaburi, ya chumba cha maiti, ya polisi, ya hospitali. Watowesha watu ni watumishi wa serikali, na serikali huandika. Argentina polisi walichukua alama za vidole za maiti zilizookotwa barabarani, wakaziandika kama wasiojulikana. Miaka mingi baadaye alama hizo zililinganishwa na za vitambulisho vya raia, na watu wakapata majina yao. Halafu hujazwa fomu kwa kila aliyetoweshwa: urefu, mkono alioutumia zaidi, mfupa uliowahi kuvunjika na upande gani, meno yaliyong’olewa au kuzibwa, nguo alizovaa siku ile. Tafuteni sasa picha aliyocheka meno yakaonekana. Ni ya thamani kuliko picha ya pasipoti.

Ndipo huchimbwa, kwa kibali cha mahakama au mwendesha mashtaka, maana mfupa uliotolewa bila kibali wakili yeyote wa utetezi ataukataa. Udongo wa juu huondolewa kwa tabaka. Ukikaribia mwili huingia mwiko mdogo, vijiti vya mianzi na brashi, kwa sababu chuma hukwaruza mfupa na mkwaruzo mpya huweza kudhaniwa ni jeraha. Kila kitu hupigwa picha kikiwa mahali pake, pamoja na namba, mshale wa kaskazini na kipimo. Udongo wote hupitishwa kwenye chekeche: humo ndimo hupatikana meno, vifupa vya vidole, vifungo na risasi. Mwili mmoja, sanduku moja, lebo mbili, moja ndani na moja nje. Mifupa iwekwe kwenye karatasi au sanduku la boksi. Mfuko wa plastiki hushika unyevu, ukungu huota na vinasaba huharibika.

Kwa vinasaba, mfupa wa paja na meno ya nyuma ndivyo hutunza vizuri, hasa kwenye udongo wa joto na mvua kama wenu. Upande wa familia huchukuliwa matone ya damu kwenye kadi au mate ya ndani ya shavu. Bora ni baba na mama wote wawili, au watoto pamoja na mzazi wao aliyebaki. Wasipokuwepo, ndugu wa mama mmoja, na kadiri wanavyokuwa wengi ndivyo jibu linavyokuwa imara. Kipo kinasaba kinachopita kwa mama tu, hivyo mama mdogo au mtoto wa dada anaweza kusaidia. Lakini watu wengi wasio ndugu wa karibu hukishiriki, kwa hiyo kisitumike peke yake. Wazee wachukuliwe sampuli kwanza. Mama akifariki kabla ya sampuli, mlango mpana umefungwa.

Haraka nayo ina bei yake. Chile walifukua miili ya eneo la 29 kwenye makaburi makuu ya Santiago mwaka 1991, wakatambua watu 96 hasa kwa kulinganisha mafuvu na picha. Mwaka 2006 serikali ilikiri kwamba 48 kati yao si wao, na wengine wengi wana shaka. Familia zilikuwa zimeshazika, zimeshaweka misalaba, zimeshazoea kwenda na maua.

Kwa sasa, basi: chorani ramani ya mahali mlipojua, pigeni picha kwa mbali, andikeni nani aliona nini na mwaka gani, zuieni watu wasilime wala kujenga hapo, na msitangaze mahali penyewe mitandaoni.

Wale mabibi waliwezaje kuthibitisha mjukuu wakati wazazi hawapo? — Msomaji, Zanzibar

Swali hilo waliwapelekea wanasayansi wenyewe, wakitembea nchi kadhaa. Mwaka 1984 Mary-Claire King wa Marekani na wenzake walitengeneza hesabu ya kulinganisha damu ya mtoto na ya mababu na mabibi zake wanne bila kuwahitaji wazazi. Mwaka 1987 ikatungwa sheria ya Benki ya Taifa ya Vinasaba, ambako familia ziliweka sampuli zisubiri watoto wakue na kuanza kujiuliza. Mabibi wanakadiria watoto 500 walichukuliwa. Kufikia Julai 2025 walikuwa wamewapata 140. Mwaka 2012 Videla alihukumiwa miaka 50 kwa mpango wa kuiba watoto, na alifia gerezani mwaka uliofuata.

Babu yangu husema Idi Amin mwenyewe aliunda tume ya kuchunguza waliopotea. Ni kweli au ni hadithi za wazee? — Msomaji, Jinja

Ni kweli, na mzee wako anakumbuka vizuri. Mwaka 1974, akisukumwa na malalamiko ya ndani na nje, Amin aliteua tume chini ya Jaji Mohamed Saied ichunguze watu waliotoweka Uganda tangu tarehe 25 Januari 1971, siku aliyotwaa madaraka. Ilisikiliza mashahidi, ikaandika visa 308, na kwa ujasiri ambao hatuna budi kuuheshimu ikataja State Research Bureau, idara ya ujasusi, na kikosi cha polisi cha Public Safety Unit kuwa wahusika. Ripoti haikuchapishwa, makamishna waliandamwa, na utekaji ukaendelea. Mara nyingi hutajwa kuwa tume ya ukweli ya kwanza duniani.

Kilichokosekana si ukweli. Tume ya Argentina ilipeleka majalada yake moja kwa moja kwa waendesha mashtaka, na watowesha walikuwa wameshatoka madarakani. Ya Saied ilimkabidhi ripoti mtu yuleyule ambaye watu wake walikuwa wamemchukua Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka kutoka Mahakama Kuu ya Kampala mwezi Septemba 1972. Ukiombwa kutoa ushahidi mbele ya tume yoyote, uliza kwanza: ripoti itakabidhiwa nani, itachapishwa lini, na mashahidi watalindwa vipi? Hata Argentina walijikwaa kwenye hili la tatu. Jorge Julio López, fundi mwashi mwenye umri wa miaka 76, alitoa ushahidi mwaka 2006 dhidi ya kamanda wa polisi Miguel Etchecolatz. Tarehe 18 Septemba, siku moja kabla ya hukumu, alitoka nyumbani bila ulinzi wowote. Hajaonekana tena.

Ndugu yetu alichukuliwa wiki mbili zilizopita na watu waliovaa kiraia. Polisi wanasema hawamjui. Tuanzie wapi? — Familia, imeombwa mji usitajwe

Leo hii andikeni, kila aliyeona aandike peke yake kabla hamjaketi kusimuliana, kwa sababu simulizi za pamoja huchanganyika na wakili wa upande wa pili atazipasua. Tarehe, saa, mahali hasa, watu wangapi, sare au viatu, silaha, namba na rangi ya gari, maneno waliyotamka, lugha na lafudhi. Ombeni picha za kamera za maduka ya jirani mara moja. Mashine nyingi hufuta zenyewe baada ya siku chache au wiki chache. Laini ya simu yake msiikate wala kuiacha ife.

Kituoni msiondoke bila namba ya taarifa mliyoandikisha, ya RB kwa Tanzania au ya OB kwa Kenya. Mkinyimwa, andikeni barua ileile nakala mbili, mpeleke wawili, mgongewe muhuri nakala yenu. Wakikataa kugonga, waliopeleka waandike hati ya kiapo siku hiyohiyo mbele ya wakili. Kisha wakili aombe Mahakama Kuu iamuru aletwe. Wahusishwe wakuu wa vyombo vyote vinavyoweza kuwa naye, na kila mmoja atakiwe kujibu kwa kiapo. “Hatunaye” ya mdomo haimfungi mtu. Ya kiapo ikibainika ni uongo ni kosa lenyewe. Ombi likitupwa, chukueni nakala ya uamuzi iliyothibitishwa na mahakama.

Sambamba na hapo, andikieni Kikundi Kazi cha Umoja wa Mataifa kuhusu watu waliotoweshwa, kilichoanzishwa mwaka 1980 na chenye ofisi Geneva. Hakina ada, hakidai kwanza mmalize mahakama za nyumbani, na hupokea kesi hata kama nchi haijaridhia mkataba wa 2006. Kutia saini tu, kama Kenya na Uganda zilivyofanya mwaka 2007, hakuifungi nchi sawasawa na kuridhia, ndiyo maana mlango huu ni muhimu kwetu. Kesi ambayo haijatimiza miezi mitatu hupita njia ya dharura, kwa hiyo ninyi bado mna nafasi. Fomu inataka jina kamili, tarehe (walau mwezi na mwaka), mahali, wanaodhaniwa kuhusika na kwa nini mnahisi ni wa dola au wanatumwa na dola, hatua mlizochukua, na jina na anwani ya anayeandika. Shirika likiwaandikia, idhini ya familia iwepo kwa maandishi. Andikeni kwa Kiingereza, Kifaransa au Kihispania. Kinachokwamisha fomu nyingi ni tarehe isiyotajwa, au sentensi ya jumla kama “serikali ilimchukua” bila kueleza mlichokiona. Semeni pia kama kuna taarifa hamtaki ifikishwe serikalini.

Kikundi hicho si mahakama. Hakihukumu wala hakilipi fidia. Kazi yake ni kuibana serikali ijibu, na kuiweka kesi wazi hadi ijulikane mtu yuko wapi. Serikali ikijibu, jibu hutumwa kwenu, na likiwa na maelezo ya wazi mna miezi sita ya kulipinga kwa sababu. Mkikaa kimya, kesi huhesabiwa imefafanuliwa. Kwa hiyo anwani na namba ya simu mtakayoandika iwe ya mtu asiyehamahama, mwekeni na wa pili wa akiba, na seti moja kamili ya nakala ikae nje ya nyumba, kwa wakili au kwa ndugu aliye mji mwingine.